Kusoma Peke Yake, Kusoma Pamoja

Soma kwa ajili ya somo hili: Mhubiri 1:18, Nehemia 8:1-12, Matendo 8:26-39, Mhubiri 4:9-12.

Watu wanaposimulia habari za mtu aliyejifunza kusoma kwa taabu, kwa kawaida husifu bidii yake na kuishia hapo. Alikuwa hana kitu, akajikaza, akafaulu. Basi na wengine wajikaze. Masimulizi ya namna hiyo yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka swali moja zito. Je, kujua kusoma kwenyewe kunatosha kumwinua mtu? Mhubiri, aliyetafuta hekima maisha yake yote, anatoa ushuhuda ambao walimu hawapendi kuuandika ubaoni: maarifa yakiongezeka, huzuni nayo hupata nafasi. Kama ndivyo, yule anayemfundisha mwenzake herufi anampa zawadi ya namna gani?

Mtu mmoja aliyelijua swali hili kwa uchungu ni Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1818. Yeye mwenyewe hakuijua tarehe, kwa kuwa watumwa hawakuambiwa mambo hayo. Alipofariki mwaka 1895 alikuwa mmoja wa wasemaji na waandishi waliojulikana sana katika nchi ile. Aliandika habari za maisha yake katika vitabu vitatu, vya mwaka 1845, 1855 na 1881, na humo hafichi kitu: anaeleza jinsi alivyojifunza kusoma, na anaeleza pia kusoma kulimfanyia nini.

Mkate kwa herufi

Akiwa mtoto wa miaka kama minane alipelekwa katika mji wa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld, ili amtunze mtoto mdogo wa nyumba ile. Mke wa Auld, Sophia, alikuwa hajawahi kumiliki mtumwa. Kabla ya kuolewa alikuwa akijipatia riziki kwa kufuma nguo. Mara nyingi mumewe alipokuwa hayupo alisoma Biblia kwa sauti. Mtoto alisikiliza, akashangaa jinsi alama zile za karatasini zinavyogeuka kuwa maneno, na siku moja akamwomba bibi yake amfundishe. Sophia alikubali bila kusita. Alimfundisha alfabeti, kisha maneno mafupi ya herufi tatu au nne.

Inafaa kukumbuka jambo hili, maana husahauliwa: kiu ya mtoto yule ilianza kwa kusikia mtu mwingine akisoma.

Auld alipogundua, alimkataza mkewe papo hapo, mtoto akiwa anasikia. Mtumwa akijua kusoma, alisema, hatafaa tena kuwa mtumwa. Hatatulia, wala hatakuwa na furaha. Mtoto aliyameza maneno yale. Kama bwana anaogopa herufi kiasi hicho, basi njia ya kutokea utumwani inapitia humo humo. Baadaye Douglass aliandika kwamba katika kujifunza kusoma alikuwa na deni kwa ukatili wa bwana karibu sawa na deni lake kwa wema wa bibi. Wema wenyewe haukudumu. Sophia alibadilika akawa mkali kuliko mumewe, na alipomkuta mtoto ameshika gazeti alimrukia na kulinyakua.

Hapo ndipo uvumilivu wake ulipoanza kuonekana. Kila alipotumwa alibeba kitabu chake, akaifanya haraka shughuli aliyotumwa, ili abakiwe na dakika chache kabla ya kurudi. Mfukoni aliweka mkate, kwa kuwa chakula katika nyumba ile hakikuwa haba. Watoto wa Kizungu maskini wa mtaa wao walikuwa na njaa, naye alikuwa na njaa ya namna nyingine. Aliwapa mkate, wakampa masomo. Kuandika alijifunza kwa kutazama mafundi wa kuunda meli: kipande cha ubao cha upande wa kushoto kiliandikwa L, cha upande wa kulia S. Alizinakili herufi hizo, kisha akawapinga watoto wenzake kwamba hawamwezi kwa kuandika, nao katika kumshinda wakamwonyesha herufi nyingine. Ukuta, uzio na barabara vilikuwa daftari lake, na kipande cha chokaa ndicho kalamu. Aliokota hata kurasa za Biblia zilizotupwa katika mitaro michafu ya mji, akaziosha, akazikausha, akazisoma.

Mtu akisoma habari hizi haraka ataona shujaa mmoja tu. Akisoma polepole ataona umati: bibi aliyeanza kisha akageuka, watoto wenye njaa, mafundi ambao hawakujua kwamba wanafundisha. Douglass mwenyewe, katika hotuba aliyoirudia miaka mingi kuhusu watu waliojiinua kwa juhudi zao, alikiri mbele ya wasikilizaji wake kwamba kwa kusema kweli hakuna mtu wa namna hiyo duniani. Alisisitiza kazi, tena kazi kwelikweli. Lakini hakukubali kudai kwamba alijitengeneza mwenyewe.

Taa na nyoka

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alinunua kitabu cha shule kilichoitwa *The Columbian Orator* kwa senti 50 alizopata kwa kung'arisha viatu. Kilikuwa mkusanyiko wa hotuba na mazungumzo. Katika mazungumzo mojawapo mtumwa aliyetoroka na kukamatwa anajibizana na bwana wake kuhusu utumwa, naye anamjibu kwa hoja nzito hata bwana anamwacha huru. Kijana aliyasoma tena na tena. Yalimpa maneno kwa mambo ambayo hapo awali alikuwa akiyahisi tu.

Na yalimpa mateso. Utabiri wa Hugh Auld ulitimia neno kwa neno: kijana hakutulia tena, wala hakuwa na furaha. Aliandika kwamba nyakati nyingine aliona kujua kusoma kumekuwa laana kwake kuliko baraka, kwa sababu kulimfunulia shimo alimokuwa bila kumpa ngazi ya kupandia. Aliwaonea wivu watumwa wenzake kwa kutojua kwao. Alitamani angekuwa mnyama asiyefikiri. Kuna nyakati alijuta hata kuwa hai.

Je, Auld alikuwa na haki? Swali hili halikuisha na utumwa. Bado kuna watu wanaowanyima wengine maarifa kwa kisingizio cha kuwahurumia. Mjane haonyeshwi karatasi za shamba ili asije akasumbuka. Mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Mzee haelezwi kilichoandikwa katika barua aliyotia kidole gumba. Mara nyingi anayeficha ndiye anayefaidika, na hilo pekee lingetosha kumtia mtu shaka.

Hata hivyo, hoja ya Auld inahitaji jibu lililo bora kuliko kumlaumu aliyeitoa. Maumivu ya kijana yule hayakutoka katika herufi. Yalikuwepo kabla, katika mjeledi, katika mama aliyetenganishwa naye akiwa mtoto mchanga, katika kurithiwa kama ng'ombe. Taa haimleti nyoka ndani ya nyumba. Humwonyesha tu mahali alipojikunja. Lakini nusu ya pili ya jambo hili nayo ni kweli, na watetezi wa elimu huiruka: mtu aliye peke yake usiku, ana taa mkononi na nyoka mbele yake, hofu yake ni kubwa kuliko ya yule aliyelala. Kumwashia taa na kumwacha peke yake si kazi iliyokamilika.

Kilio katika uwanja wa Lango la Maji

*Soma Nehemia 8:1-12. Watu walifanya nini kwanza waliposikia maneno ya sheria? Siku ile iliishaje?*

Ezra alisoma mbele ya mkutano tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Walikuwepo wanaume, wanawake, na wote walioweza kufahamu. Walawi walipita kati yao wakieleza maana, na jambo la kwanza lililotokea baada ya watu kufahamu ni kilio. Walielewa walichokuwa, na walichopoteza. Maarifa yalizaa huzuni, kama Mhubiri alivyosema.

Lakini tazama viongozi walifanya nini. Hawakukifunga kitabu, wala hawakusema kwamba ingekuwa heri watu wasingesikia. Waliwaambia waende wakale na kunywa, na wasiwasahau wale ambao hawakuandaliwa kitu, bali wawapelekee sehemu. Ndipo watu wakashangilia, na sababu inayotajwa ni kwamba wameyafahamu yale waliyoambiwa. Maneno yaliyowaliza asubuhi ndiyo yaliyowafurahisha jioni. Maneno hayakubadilika. Kilichowasaidia ni kwamba hakuna aliyeachwa alie peke yake nyumbani kwake. Walilia pamoja, wakaelezwa pamoja, wakagawana chakula.

Mzee na kijana

Douglass alipata Lango la Maji lake mahali padogo sana. Akiwa na miaka kama 13 alikutana na mzee mweusi aliyeitwa Charles Lawson, aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa kubebea mizigo katika mitaa ya Baltimore. Mzee huyu aliomba akitembea, aliomba akiwa juu ya mkokoteni wake. Kusoma alijua kidogo tu, naye alikwama kwenye maneno magumu. Kijana alimsaidia kuyatamka. Kwa upande wake, mzee alimweleza kijana maana ya yale waliyoyasoma. Douglass anaeleza ubia huo kwa kukumbuka lugha ya mtume Paulo: yeye alimfundisha mzee andiko, na mzee akamfundisha yeye roho. Siku za Jumapili walikaa pamoja saa nyingi wakisoma na kuomba. Hugh Auld alimtishia kwamba atampiga akiendelea kwenda kule. Aliendelea kwenda.

*Soma Matendo 8:26-39. Mwethiopia alikuwa na nini ambacho Filipo hakuwa nacho? Filipo alikuwa na nini?*

Towashi alikuwa na gari, na cheo, na kitabu cha nabii Isaya, kitu cha gharama kubwa wakati ule. Alikuwa amesafiri mbali kwenda kuabudu. Alisoma kwa sauti, ndiyo sababu Filipo alimsikia akiwa bado anakimbia kando ya gari. Alipoulizwa kama anaelewa, waziri huyu wa malkia hakuona haya kukiri kwamba bila mtu wa kumwongoza hawezi. Akamkaribisha mgeni aliyejaa vumbi apande aketi pamoja naye. Hakuna aliyeshushwa hadhi katika gari lile.

Hili linayagusa madarasa ya Shule ya Sabato kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika madarasa mengi mafungu husomwa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Ni desturi nzuri. Lakini karibu kila kanisa lina mzee au mama mmoja ambaye, zamu yake ikikaribia, husema ameisahau miwani nyumbani. Juma linalofuata ameisahau tena. Mwalimu mwenye busara hujua kwamba miwani haikuwahi kuwepo. Naye ana njia mbili: kumpita haraka ili asimwaibishe, au kutafuta namna ya kuketi naye, kama kijana wa Baltimore na mwendesha mkokoteni, mmoja akiwa na herufi na mwingine akiwa na miaka 60 ya kuomba. Kumpita ni upole, lakini kunamwacha palepale alipokuwa.

Shule chini ya miti

Mwaka 1833 Douglass alirudishwa mashambani, katika mji mdogo wa St. Michaels. Kijana mmoja Mzungu alimwomba wasaidiane kufundisha watumwa kusoma Agano Jipya siku ya ibada. Shule ile ilikutana mara chache tu. Watu wa mji waliivamia wakiwa na fimbo, na waliowaongoza walikuwa viongozi wa madarasa katika kanisa la mji ule. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu maasi ya watumwa ya Nat Turner katika jimbo jirani la Virginia, na hofu ilikuwa kubwa. Hata hivyo, kwamba watu wa kanisa waliwapiga wengine kwa kusoma Maandiko ni jambo ambalo Douglass hakuliacha lisahaulike, wala halistahili kusahaulika.

Mwaka uliofuata alikodishwa kwa mkulima aliyesifika kwa kuwavunja watumwa wakaidi. Kwa miezi sita alipigwa karibu kila juma, na anakiri kwamba hata hamu ya kusoma ilimtoka. Bidii ya mtu mmoja, hata iwe kubwa namna gani, ina mwisho wake. Wanaohubiri juhudi wangefanya vema kuisoma sura ile kabla ya kuhubiri.

Hamu ilimrudia mwaka 1835, katika shamba la William Freeland, na ilirudi pamoja na watu. Huko aliwakuta ndugu wawili, Henry na John Harris. Aliwatia moyo wajifunze kusoma. Wakatafuta vitabu vikuukuu vya tahajia, na habari zikaenea kimyakimya katika mashamba ya jirani. Wakaanza Shule ya Sabato. Ndivyo walivyoiita, ingawa ilikutana Jumapili kama ilivyokuwa desturi ya makanisa ya eneo lile. Walikutana chini ya miti, na baadaye katika nyumba ya mtu mweusi aliyekuwa huru. Kuna wakati wanafunzi walizidi 40, wengi wao wakiwa watu wazima. Mabwana wao wangependa kuwaona siku hiyo wakipigana mieleka na kulewa pombe, na hilo liliruhusiwa. Kusoma ndiko kulikokatazwa. Kila aliyekuja alijua kwamba akikamatwa anaweza kuchapwa viboko 39.

Alichokuwa akikipata Douglass pale si rahisi kukitaja. Kusoma alikwishajua. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kupumzika, na angeweza kuitumia kusoma vitabu vyake. Badala yake aliitoa, kisha akaongeza jioni tatu kwa juma majira ya baridi. Lakini aliandika kwamba kazi ile ilikuwa tamu kuliko zote alizobarikiwa kuifanya, na kwamba siku zile zilikuwa siku kuu kwa nafsi yake. Huyu ndiye aliyeona kusoma ni laana. Hali yake haikuwa imebadilika. Bado alikuwa mtumwa, bado shimo lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni watu zaidi ya 40 waliokuwa wakiangalia juu pamoja naye.

*Soma Mhubiri 4:9-12. Kitabu hichohicho kinachotaja huzuni ya maarifa kinasema nini juu ya wawili wanaoanguka?*

Ni kawaida kusema kwamba Douglass aliwatia moyo wanafunzi wake. Hilo ni kweli. Lakini mtu mzima aliyelima juma zima, akatembea kutoka shamba la mbali, akaketi chini ya mti akiwa na kitabu kilichochanika, mgongo wake ukiwa dhamana, huyo naye anatia moyo. Katika darasa lile haikuwa rahisi kusema nani mwalimu wa ujasiri na nani mwanafunzi.

Mapema mwaka 1836 Douglass, ndugu Harris na wenzao wachache walipanga kutoroka kwa mtumbwi. Aliwaandikia kila mmoja cheti cha ruhusa, kwa mwandiko ule uliotokana na mbao za meli. Walisalitiwa. Asubuhi ya siku waliyoipanga walikamatwa, wakafungwa kamba, wakaburutwa kuelekea jela ya Easton. Njiani Henry aliuliza kwa kunong'ona afanye nini na cheti chake. Akaambiwa akile pamoja na mkate aliopewa. Wakapelekeana neno wasikiri lolote, nao hawakukiri.

Baada ya sikukuu mabwana walikuja wakawachukua wengine wote kurudi mashambani. Douglass alibaki jela peke yake. Aliandika kwamba kutengwa na wale ndugu kulimuuma kuliko jambo lolote jingine katika mkasa ule wote. Mwishowe alirudishwa Baltimore, na mnamo Septemba 3, 1838, akiwa amevaa nguo za baharia na kubeba karatasi za kuazima, alipanda treni kuelekea kaskazini. Kesho yake alikuwa New York, mtu huru.

Alipoandika kitabu chake cha kwanza mwaka 1845 aliweza kusema kwamba wanafunzi kadhaa wa shule ile walijifunza kusoma, na kwamba angalau mmoja wao, kwa msaada wake, alikuwa huru. Jina la mwenye nyumba hakuliandika. Miaka kumi ilikuwa imepita, lakini bado lingeweza kumletea yule mtu madhara.